Tusichague Programu kwa Uzuri wa Picha

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, niseme neno juu ya jambo ambalo limeligawa kundi letu la reli ndogo tangu muhula huu uanze. Najua ya kuwa wako wasomaji ambao hawajapata kuingia katika chumba chetu, na wako wanafunzi wa zamani waliotuchangia fedha bila ya kuona kile walichokichangia. Kwa hiyo nitaeleza kwanza, kisha nitatoa maoni yangu waziwazi, na asiyekubaliana nami ana haki kamili ya kunijibu katika toleo lijalo.

Sisi tu wanafunzi kumi na mmoja. Hukutana kila Jumamosi mchana hapa Carama, katika chumba cha nyuma ambacho zamani kiliwekwa viti vilivyovunjika. Mali yetu ni ubao mmoja mzima wa plaiwudi, urefu wake sentimita 244 na upana wake sentimita 122, nao umelazwa juu ya madawati manne. Tunalo pia sanduku la reli ndogo zilizokwisha tumika, tuliloletewa na mwanafunzi wa zamani anayekaa Ubelgiji. Tumezihesabu mara mbili: ni vipande 71, na kati ya hivyo vitatu ni vile vya kugawanya njia, ambavyo huiwezesha treni kuiacha njia moja na kuingia nyingine. Iko injini moja na mabehewa sita. Nia yetu ni kutengeneza mfano wa reli ijayo ya Musongati, tuuonyeshe siku ya wazazi.

Lakini huwezi kupiga msumari kabla ya kuwa na mchoro, na mchoro wa reli siku hizi huchorwa kwa kompyuta. Programu za kazi hiyo ni nyingi. Hapo ndipo tulipogawanyika. Wako wenzangu wanaotaka sehemu ya fedha za wanafunzi wa zamani itumike kununua kibali cha programu inayoonyesha milima, miti na nyumba kana kwamba unaitazama nchi kutoka kwenye ndege. Wako na wengine wanaosema kompyuta ya nini, mikono tunayo, tuzipange reli juu ya ubao mpaka zikubali. Mwisho wa mwezi tutapiga kura. Mimi nasema kwamba pande zote mbili zinakosea, na ya kuwa yafaa tuchukue programu ya bure iitwayo XTrackCAD, tujifunze wote kumi na mmoja, na fedha zibaki kwa kazi ya mbao na nyaya. Sisemi hivyo kwa ubahili. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza yafaa tukumbuke sisi ni nani. Ziwa letu la Tanganyika lina reli upande wa mashariki, Kigoma, tangu mwaka 1914, Wajerumani walipofika huko na njia yao iliyotoka Dar es Salaam. Lina reli upande wa magharibi, Kalemie, tangu mwaka 1915. Lakini Burundi haijapata kuwa na reli hata moja. Mizigo ya Kigoma hupakiwa melini ije Bujumbura, nasi huona meli, hatuoni treni. Katika kundi letu ni mmoja tu aliyepata kuiona treni kwa macho yake, naye aliiona Kigoma alipokwenda kumtembelea shangazi yake. Sisi wengine twaijua kwa picha.

Sasa mambo yanabadilika. Tanzania imejenga reli mpya ya umeme, na tangu mwaka 2024 abiria wanasafiri kwayo kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Mwezi wa Januari mwaka 2025 mkataba wa kujenga njia ya kutoka Uvinza hata Musongati ulitiwa saini, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa Musongati. Kipande kitakachokuwa ndani ya nchi yetu, toka mto Malagarasi mpaka Musongati, ni kilomita kama 84. Reli hiyo itahitaji watu wa kuisoma michoro yake, kuitunza na kuiendesha. Watoka wapi watu hao, kama si katika shule kama yetu? Ndiyo maana nasema kwamba ubao wetu si mchezo tu, ijapokuwa ni mchezo pia.

Mtu ambaye hajaona treni ana kosa moja kubwa: huifikiri kama gari. Sisi tumezoea malori yanayopanda njia ya Bugarama, na vijana wa baiskeli walioshika nyuma yake ili wavutwe mpaka juu. Tumezoea taksi-moto zinazogeuka pale zilipo. Treni haiwezi hayo. Magurudumu yake ni ya chuma na reli yake ni ya chuma, na chuma juu ya chuma huteleza. Hiyo ndiyo sababu huweza kuvuta mzigo mzito sana katika nchi tambarare kwa nguvu ndogo, na ndiyo sababu hushindwa na kilima ambacho baiskeli hukipanda. Ziwa liko mita kama 775 juu ya bahari, na Bugarama iko zaidi ya mita 2,000, na kati yao barabara ni kilomita kama 35 tu. Piga hesabu utaona ya kuwa barabara ile hupanda karibu mita 4 katika kila mita 100. Treni ya mizigo kwa kawaida hutafutiwa njia isiyozidi mita moja au mbili katika 100. Basi mwanafunzi akiniuliza kwa nini reli haikuanza Bujumbura ikapanda moja kwa moja hata Gitega, mimi humwambia aitazame milima iliyo mashariki ya shule yetu, kisha ajijibu mwenyewe.

Hayo niliyaandika kana kwamba niliyajua siku zote. La. Nilifundishwa na programu, tena kwa aibu.

Mchoro wetu wa kwanza niliuchora mimi. Nilitaka njia ya umbo la nane, ipite juu yake yenyewe kwa daraja, maana nilidhani wazazi watafurahi kuona treni ikipita juu mahali ilipopita chini. Katika karatasi ilipendeza mno. Kona zake zilikuwa na nusu-kipenyo cha sentimita kama 44, ambacho ndicho cha vipande vyetu, na umbo zima lilienea ubaoni bila shida. Nikaliingiza katika kompyuta. Nikaiambia programu kwamba darajani reli ya juu iwe sentimita 8 juu ya ile ya chini, maana chini ya hapo behewa litagonga daraja. Kisha nikaweka stesheni yenye urefu wa mita moja, ambayo ni lazima iwe tambarare, ama sivyo mabehewa yatajiendea yenyewe.

Programu ikanionyesha mwinuko wa zaidi ya 5 kwa 100.

Nilifikiri imeharibika. Nikachukua kalamu nikahesabu. Kila duara la ile nane, kutoka chini ya daraja mpaka juu yake, lilikuwa na mita 2 na sentimita 90 hivi. Toa mita moja ya stesheni. Toa sentimita 40 za hapo darajani, maana reli haiwezi kuvunjika ghafla kutoka mlima kwenda tambarare. Inabaki mita moja na nusu. Kupanda sentimita 8 katika mita moja na nusu ni zaidi ya 5 kwa 100: mkali kuliko barabara ya Bugarama! Injini yetu ndogo ingepanda peke yake labda, lakini ikifungwa mabehewa sita ingezungusha magurudumu pale pale kama lori lililonasa katika matope. Na kama ningetaka mwinuko wa 2 kwa 100, sentimita 8 zinadai mita 4 za kupanda na mita 4 nyingine za kushuka, kabla ya stesheni yoyote. Njia yangu yote haikufika mita 6.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipofahamu kazi ya programu. Programu si mchoraji wa picha. Programu ni rafiki mkweli ambaye hukwambia hapana kabla hujaharibu ubao. Wenzangu wanaosema tuzipange reli kwa mkono mpaka zikubali, nawauliza: je, tungaligundua lini jambo hilo? Tungaligundua baada ya kukata mbao, kujenga daraja na kupaka rangi. Fundi mzuri hupima mara mbili akakata mara moja, na sisi tunao ubao mmoja tu.

Sasa niwajibu wale wa upande wa pili, wanaotaka kununua. Sikatai ya kuwa picha zao ni nzuri. Tumejaribu programu tatu, nami nitazisema kwa haki. AnyRail ni nyepesi kujifunza. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliunganisha duara katika robo saa. Lakini bila kununua kibali inaruhusu vipande 50, na sisi tunavyo 71. SCARM huonyesha mchoro kwa sura ya kusimama, na vilima vyake, na bila malipo inaruhusu vipande 100. Ingetutosha leo, na kama nyumbani una kompyuta ya Windows, siwezi kukulaumu ukiichagua. XTrackCAD haina mipaka ya vipande na haina bei, nayo hukubali kuwekwa katika Windows, katika Mac na katika Linux. Sura yake ni ya ukavu: mistari tu na tarakimu. Siku ya kwanza inataka uvumilivu, na mimi mwenyewe nilikaribia kuiacha. Lakini zote tatu zinajua kupima mwinuko, na hilo ndilo jambo la kwanza tunalolitaka. Ikiwa zote tatu zinasema kweli, basi tuchague kwa mambo mengine, siyo kwa uzuri wa picha.

Mambo hayo, kwa maoni yangu, ni manne.

La kwanza, programu izijue reli zako. Kila kiwanda hutengeneza vipande vyenye urefu wake na mpindo wake. Ukichora kwa vipande vya kiwanda kimoja na sanduku lako lina vya kingine, mchoro utafunga duara katika kioo cha kompyuta, lakini juu ya ubao utaacha pengo la kidole. Kwa hiyo, kabla ya kusifu programu, fungua orodha yake ya vipande, utafute vyako. Kama havimo, hata ikiwa ni ya bei kubwa, haikufai.

La pili, ikubali kuwekwa katika kompyuta tulizonazo, siyo zile tunazozitamani. Kompyuta mbili za chumba chetu ni kuukuu, nazo zinatumia Linux. Programu mbili nilizozitaja kwanza zilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Tulizijaribu katika kompyuta ya kuazima, ambayo mwenyewe amekwisha kuichukua. Haifai kununua tandiko na huna punda.

La tatu, ihesabu vipande. Mchoro wangu wa pili, ule usio na daraja, ulikuwa mzuri hata nikausifu mwenyewe, mpaka nilipoiomba programu orodha ya vipande. Ikaniambia nahitaji vipande vitano vya kugawanya njia. Sandukuni vimo vitatu. Picha nzuri haikuniambia hayo; orodha iliniambia.

La nne, nalo kwangu ndilo kubwa, kila mmoja wetu aweze kuwa nayo. Kibali cha kununua tungekiweka katika kompyuta moja, na kompyuta moja ina kiti kimoja. Programu ya bure unaiweka katika flashi, unakwenda nayo nyumbani Kinama au Kamenge au Buyenzi, na ukiwa na ndugu mwenye kompyuta unachora usiku, Jumamosi unatuletea. Wanafunzi kumi na mmoja wataleta michoro kumi na mmoja, nasi tutachagua ulio bora. Mwenye kibali kimoja ataleta mmoja, nasi wengine tutapiga makofi.

Najua nitajibiwa, "Na wewe je? Si ulichora peke yako majuma matatu?" Ni kweli, na sitaki kulificha. Nilikuwa ndiye niliyekishika kipanya. Wenzangu walikaa nyuma yangu wakitazama kisogo changu, na mmoja mmoja wakaanza kutoka nje kwenda kucheza mpira. Nilijiona fundi. Jumamosi ya nne tuliuchapa mchoro wangu wa pili kwa ukubwa wake halisi, jambo ambalo programu inaliweza. Ulitoka katika karatasi 60, nasi tulitumia migongo ya karatasi za mitihani ya mwaka jana ili tusipoteze fedha. Tukazibandika juu ya ubao. Ilikuwa mara ya kwanza ambapo wote kumi na mmoja waliona reli itakapopita, na chumba kikajaa kelele za furaha.

Ndipo mtoto wa mwaka wa kwanza, ambaye alikuwa hajaigusa kompyuta hata siku moja, akasimama mbele ya ubao, akanyosha mkono wake juu ya karatasi, akaniambia, "Kaka, mkono wangu haufiki."

Ubao wetu ulikuwa umesukumwa ukutani kwa upande wake mrefu. Stesheni nilikuwa nimeiweka nyuma, karibu na ukuta, sentimita 110 kutoka mahali tunaposimama. Tukaupima mkono wa mtoto yule: sentimita 60. Tukaupima wangu: 72. Basi, treni ikianguka stesheni, ni nani ataiinua? Tutapanda juu ya ubao na viatu vyetu? Programu ilikuwa imeniambia kweli juu ya mwinuko, juu ya kona na juu ya vipande. Lakini juu ya ukuta haikuniambia neno, maana sikuiambia kwamba kuna ukuta. Wala haikujua kwamba binadamu ana mikono mifupi.

Dawa ilikuwa rahisi. Tuliuvuta ubao katikati ya chumba, tupate kusimama pande zote mbili. Nusu ya sentimita 122 ni 61. Mkono wa mwanafunzi mdogo kuliko wote wafika karibu na katikati, na akiinama kidogo afika kabisa. Tangu siku hiyo hatukuuliza tena, "Mchoro unapendeza?" Tunauliza, "Mkono unafika?"

Nimeieleza habari hiyo kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayonifanya nipinge pande zote mbili. Wa mikono mitupu hawana wa kuwaambia hapana juu ya mlima. Wa picha nzuri watamwachia kazi mtu mmoja mwenye kiti, na hakutakuwa na wa kumwambia hapana juu ya ukuta. Tunazihitaji hapana mbili: ile ya programu na ile ya wenzetu. Ya kwanza twaweza kuipata bila fedha. Ya pili haiuzwi dukani.

Liko pia jambo la kipimo, ambalo lilitugombanisha sana. Mfano wetu ni wa 1 kwa 87, na upana kati ya reli zetu ni milimita 16 na nusu. Zidisha kwa 87 utapata kama milimita 1,435, na huo ndio upana wa reli mpya ya Uvinza hata Musongati. Reli ya zamani ya Kigoma ina upana wa mita moja; kwa kipimo chetu ingekuwa kama milimita 12. Yule mwenzetu aliyeiona treni ya Kigoma alitaka tuifanye hiyo, kwa kuwa ndiyo aliyoiona. Nilimwonea huruma, lakini sanduku letu lilikwisha kuamua: reli zake ni za upana wa njia ijayo. Ukitaka kuwa mkweli katika mfano, anza kwa kuuliza reli ulizo nazo zaweza kuwa mfano wa kitu gani.

Na ukweli huo una mwisho wake, nasi tuseme hivyo kwa wazazi siku ya maonyesho. Kilomita 84 zikigawanywa kwa 87 ni mita 966. Ni mwendo wa dakika kumi na mbili hivi kwa miguu hapa Carama, wala hatuna ubao wa namna hiyo. Kona zetu za sentimita 44 zingekuwa mita 38 katika reli ya kweli, na hakuna mhandisi atakayeipitisha treni kubwa katika kona ya namna hiyo. Yeye huhesabu kona zake kwa mamia ya mita. Behewa la abiria la mita 26 kwetu ni sentimita 30, nalo hapo konani hutokeza tumbo nje ya njia. Kwa hiyo mfano wetu utakuwa na uongo ndani yake, upende usipende. Heri tuujue uongo huo kwa tarakimu kuliko kuufunika kwa miti ya rangi.

Basi, haya ndiyo ninayoyapendekeza, nami nitayasema tena siku ya kura.

Kabla ya kuigusa kompyuta, wawili wetu waupime ubao, chumba, mlango na dirisha kwa utepe wa kupimia, na wengine wawili wapime tena bila kuangalia tarakimu za wale wa kwanza. Tarakimu zikilingana ndipo ziingizwe katika programu. Kompyuta ikipewa kipimo cha uongo, hutoa mchoro wa uongo ulionyooka vizuri.

Pili, XTrackCAD iwekwe katika kompyuta zote mbili, na kila mwanafunzi apewe saa moja yake. Asiyejua afundishwe na aliyefundishwa juzi, siyo na mimi siku zote. Najua ya kuwa tutachelewa. Afadhali tuchelewe majuma mawili, ili nikiondoka shuleni pasiwe na mtu atakayesema kwamba reli imeondoka na katibu wake.

Tatu, kila mchoro utimize masharti matano kabla ya kujadiliwa: mwinuko usizidi 2 kwa 100, pasiwe na kona kali kuliko vipande tulivyo navyo, stesheni iwe tambarare, vipande visizidi vile vilivyomo sandukuni, na pasiwe na reli iliyo mbali kuliko mkono wa mdogo wetu.

Nne, mchoro utakaoshinda uchapwe kwa ukubwa wake na ubandikwe ubaoni kwa juma zima, mlango ukiwa wazi, ili hata asiye wa kundi letu aingie na aseme neno. Kalamu nyekundu iwe juu ya meza. Mwenye kuona kosa aliandike palepale.

Kwa wanafunzi wa zamani nina ombi. Wengine wenu mmeniuliza kwa nini hatujaanza kujenga, na fedha mlikwisha kuzitoa. Jibu ni kwamba fedha zipo zote, hazijaguswa, na hiyo ndiyo sababu ya mabishano. Kwa maoni yangu zinunue ubao wa pili, nyaya, gundi, na vipande viwili vya kugawanya njia ambavyo hatuna, siyo kibali cha picha. Lakini iko haja kubwa kuliko fedha. Miongoni mwenu wako wapima ardhi, mafundi wa mbao na wahandisi. Njooni Jumamosi moja mchana, msimame mbele ya zile karatasi 60, mtuambie tumekosea wapi. Tumezoea sasa kuambiwa.

Na kwa wenzangu wa kundi nasema hivi. Reli ya Musongati ikifika, haitatuuliza kama tuliwahi kuchora milima ya rangi nzuri. Itatutaka watu wanaoweza kuusoma mchoro, kuhesabu mwinuko, na kukubali pale tarakimu zinaposema haiwezekani. Hayo twaweza kuyaanza sasa, kwa kompyuta mbili kuukuu na sanduku la vipande 71.

Mchoro wangu wa nane bado ninao. Nimeubandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: 5 kwa 100. Atakayetaka kujenga daraja mwaka ujao, autazame kwanza.

Ni mimi,
Katibu wa kundi la reli ndogo